Chumba cha Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua zimeanza leo, na viatu vyangu vya kazini viko kwa fundi tangu wiki iliyopita. Kila nikienda ananiambia kesho. Nimekwenda ofisini na viatu vya harusi, vimerudi kama vimetolewa mtoni.

Kabla sijaketi, bosi amenipa jalada jipya. Ni nyumba ya kupangisha, chini na juu, familia nne. Mwenyewe anauza, mnunuzi anakopa benki, na benki haitoi kitu mpaka sisi wathamini tuseme nyumba ina thamani gani. "Kazi nyepesi hiyo," bosi amesema. Bosi hajawahi kunipa kazi nzito. Uzito huwa unaongezeka njiani.

Jumatano, 5 Machi

Nimeiona nyumba. Kwenye ramani ni rahisi: makazi manne, kila moja lina sebule, jiko na vyumba viwili vya kulala. Jumla vyumba vinane. Nilipomaliza kuzunguka nilikuwa nimehesabu milango kumi na mitano yenye kitanda nyuma yake.

Mwenye nyumba ni mzee mwembamba mwenye macho yaliyoanza kufifia. Wapangaji wanamwita Mzee Nyongeza, naye anaitika. Sebule amezikata katikati kwa mbao nyembamba, veranda amezizungushia ukuta, na gereji ina godoro. Nilidhani la mlinzi. Alinitembeza kwa madaha.

"Hiki chumba, binti yangu. Na hiki. Na hiki pia."

"Mzee, hiki kilikuwa bafu."

"Kilikuwa. Watu wanabadilika, vyumba visibadilike?"

Nilicheka, lakini kwa hasira. Watu wa namna hii ndio wanaonipotezea siku. Anaweka kitanda penye ndoo, halafu anataka benki impigie makofi.

Cha mwisho kilikuwa chini ya ngazi, upande wa nyuma. Ramani inasema stoo. Humo anakaa mwanamke wa umri wa mama mdogo wangu, mshonaji, na cherehani yake iko miguuni pa kitanda, hata hakuna nafasi ya kugeuka bila kuomba radhi. Saa sita mchana alikuwa amewasha taa. Mzee akaanza tena, "Na hiki chumba," nami nilikuwa nimechoka na soksi zimelowa. Nikasema kwa sauti ile ya mwalimu wa zamu:

"Mzee, chumba kisicho na dirisha ni stoo. Basi."

Ni msemo wa ofisini kwetu. Bosi alinifundisha mwezi wangu wa kwanza kazini, na nimeusema kwenye nyumba nyingi kiasi kwamba siusikii tena. Mshonaji alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Akainua uso.

"Na kikiwa na dirisha, mwanangu?"

Nilikuwa navuta tepu kupima mlango. Nikajibu bila kumtazama: "Kikiwa na dirisha, hayo ni mazungumzo mengine."

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Viatu: kesho.

Jumanne, 11 Machi

Mvua kutwa. Mama amekohoa na kusema ni vumbi. Vumbi gani kwenye mvua hii?

Ijumaa, 14 Machi

Nimempelekea bosi rasimu. Ameisoma akitikisa kichwa kwa kuridhika, kama kawaida yake, na nimejisikia vizuri kama mtoto aliyepewa vema. Vyumba vinane vya ramani vimehesabiwa. Saba vya ziada havihesabiwi, na si hivyo tu: benki itataka vibomolewe ndipo imkopeshe mnunuzi. Nimemuuliza wanaokaa humo watakwenda wapi. Amesema, "Hilo si swali la mthamini." Ni kweli. Kwenye jalada hakuna mahali pa kulijibu.

Jioni nilikuwa mezani nikirekebisha vipimo. Mama ameketi kwenye kitanda chake. Niliandike hapa, maana huwa siandiki: tangu Baba afariki, Mama anakaa na sisi, na nyumba yangu ina vyumba viwili, kimoja changu na kimoja cha wanangu. Kitanda cha Mama kiko kwenye kona tulipokuwa tunakula chakula, nyuma ya kabati la nguo. Tunapaita "kwa Bibi". Hakuna dirisha.

Akaniuliza kazi yangu mpya inahusu nini, nikamweleza, na ule msemo pia nikamwambia. Akakunja kanga yake.

"Sasa mimi nalala chumbani au nalala stoo?"

Alikuwa anatania. Nadhani alikuwa anatania. Mama ana mizaha inayokuja imevaa nguo za kawaida. Nimesema chai inapoa.

Jumamosi, 22 Machi

Mzee Nyongeza amepiga simu. "Usifunge jalada, binti yangu. Njoo uone." Kuona nini? "Wewe njoo tu, utafurahi." Nimemwambia Jumatatu. Mvua haijakatika tangu juzi, na barabara ya kwetu imegeuka mfereji.

Jumatatu, 24 Machi

Wamekata dirisha.

Nitaandika polepole.

Nilipofika, wapangaji walikuwa wamesimama kwenye korido kana kwamba natarajiwa kukata utepe. Mshonaji alifungua mlango wake na kusogea pembeni nipite. Taa ilikuwa imezimwa. Chumba kilikuwa na mwanga wa mchana, mwanga wa kijivu wa mvua, na kwenye ukuta wa nyuma palikuwa na dirisha la vioo viwili. Pazia lake lilishonwa kwa vipande vya vitambaa vya wateja: maua, mistari, kipande cha sare ya shule. Kwa kweli lilipendeza.

"Tumechanga wote," alisema. "Wakasema tuanze na changu, maana ndicho kibaya zaidi. Kikipita hiki, na vyao vitapita. Fundi alimaliza kwa siku mbili."

Kisha akaketi kitandani kunionyesha. "Miaka yote nimeisikia mvua humu ndani, mwanangu. Naisikia juu, naisikia pembeni. Sijawahi kuiona nikiwa kitandani. Wiki hii nimeiona. Nikashindwa kulala, nikawa naitazama tu, kama mjinga."

Nami nilikuwa natazama juu ya dirisha. Ule si ukuta wa kugawa vyumba. Ni ukuta unaobeba ngazi, na ngazi inashikana na sakafu ya juu, na juu kuna familia mbili na mapipa yao ya maji. Kabla ya kukata tundu kwenye ukuta kama huo unaweka boriti ya zege ibebe mzigo. Fundi wao aliweka ubao. Kutoka kwenye pembe ya dirisha ufa ulipanda kwa mshazari kuelekea chini ya ngazi. Nilipoupitishia kidole, ukucha uliingia.

Nimetoa penseli, nimechora mstari mfupi pale ufa ulipoishia, na pembeni nimeandika tarehe. Ndivyo tunavyofanya. Ufa ukivuka mstari, nyumba inatembea. Usipovuka, imetulia.

"Unaandika nini hapo?" mshonaji akauliza.

"Tarehe, Mama."

"Ya kupita?"

Wote walikuwa wanasubiri kwenye korido. Mtu mmoja alikuwa tayari anatabasamu.

"Mama," nikasema, "kwa sasa hamisha kitanda. Kisikae chini ya ngazi."

"Nikihamishie wapi?" akasema, na akazungusha macho humo ndani. Hakukuwa na pa kukihamishia. "Kwani sasa ni chumba au si chumba?"

Nilirudisha penseli mfukoni. Niliwaambia wote kwamba ukuta una tatizo na kwamba nitarudi na jibu. Wakaanza kusema kwa pamoja. Mzee Nyongeza amenifuata hadi barabarani, bila mwavuli, ananionyesha nje ambako tayari alikuwa amepaka saruji juu ya ufa, nayo ilikuwa inachuruzika na mvua.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeziba!"

"Umeziba macho, Mzee," nimemwambia. Sikupaswa kusema hivyo kwa mtu ambaye macho yanamwishia.

Jumanne, 25 Machi

Bosi amesoma maelezo yangu, na safari hii hakutikisa kichwa. Amesimama dirishani akitazama magari.

"Sisi tunathamini," amesema. "Hatujengi. Ufa ni mambo ya wahandisi."

"Niuache basi?"

"Sijasema uuache."

"Niuandike?"

"Ukiuandika, manispaa itawatoa wote, wa vyumba halali na wa vyumba haramu. Usipouandika na ikaanguka..." Amevaa koti lake. "Sahihi ni yako. Wewe ndiye uliyeona."

Miaka yote hii nilidhani yule mtu ana busara. Kumbe ana mlango wa nyuma.

Nimeuandika. Nimeandika "hatari", nimetia sahihi, nimepeleka nakala manispaa mwenyewe kwa mkono, nikilowa. Nina hofu. Naiandika hivyo hivyo: nina hofu kwamba niko sahihi, na nina hofu kubwa zaidi kwamba siko.

Ijumaa, 28 Machi

Mhandisi wa manispaa amekwenda. Nami nilikuwepo. Hakuingia hata chumbani. Alisimama mlangoni kuepuka matope, akasoma karatasi yangu, akatazama juu, akasoma tena, akasema, "Ndiyo, ni kama ulivyosema." Kijana wake akapaka alama nyekundu ukutani. Nilikuwa nategemea anipinge, au angalau apime. Amenikubali kama mtu anavyokubali chai.

Jumatano, 2 Aprili

Wametoka leo.

Mvua haikuwa kubwa, ilikuwa ile nyembamba isiyokwisha, mbaya kwa magodoro. Sikuwa na kazi pale, lakini nilikwenda. Nilisimama upande wa pili wa barabara, mbele ya duka la vifaa vya umeme, mpaka nikaona aibu ya kusimama, nikavuka na kubeba sufuria za watu.

Mzee Nyongeza alikuwa anabeba kuliko vijana. Ndipo nikajua lile godoro la gereji ni la nani. Makazi yake mwenyewe ya ramani, ya chini kulia, alikwisha kumwachia mama mmoja aliyefiwa na mumewe akiwa na watoto mapacha, na yeye akahamia gereji. Sitamfanya malaika. Kodi alikuwa anachukua, ya stoo na ya bafu pia. Lakini nilikuwa nimemwandika kichwani kuwa mlafi na nikafunga jalada, na sasa nimemwona amekaa kwenye ngazi, amekumbatia pasi ya mtu, hajui aiweke wapi.

Mshonaji alitoka wa mwisho. Vijana wawili walimbebea cherehani. Alipofika kwangu alisimama.

"Ulisema kikiwa na dirisha."

"Mama, sikumaanisha mkate ukuta."

"Ulimaanisha nini?"

Ukweli ni kwamba sikumaanisha chochote. Nilikuwa napima mlango.

"Mheshimiwa," akaniita, yeye aliyekuwa ananiita mwanangu, na akaondoka. Pazia lake ameliacha dirishani.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote mwaka huu. Mti umeanguka karibu na ofisi. Ukuta wa shule ya wanangu umelala chini, uwe wa kubeba mzigo au usiwe. Jioni nimepita njia ile. Nyumba imesimama.

Jumatatu, 14 Aprili

Imesimama. Viatu nimepata. Vinavuja.

Jumamosi, 19 Aprili

Mshonaji ameweka cherehani yake chini ya kibaraza cha duka la vifaa vya umeme. Analala kwa dada wa jirani yake wa zamani, sebuleni, chini sakafuni; nimeambiwa na mwenye duka. Ameielekeza cherehani barabarani, na barabarani maana yake ni kuielekea nyumba. Anashona na kuitazama.

Nimemsalimia. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Akakanyaga cherehani kidogo, akaacha. "Mbona haianguki?"

Hakuniuliza kwa kejeli. Alitaka kujua.

Jumatatu, 21 Aprili

Mnunuzi amejitoa. Bosi anasema jalada libaki wazi, huenda atapatikana wa kununua kiwanja.

Jumatano, 30 Aprili

Hili siwezi kumwambia mtu, kwa hiyo naliandika. Mvua ikizidi, naomba nyumba ile ianguke. Iko tupu, haitamuumiza mtu. Ianguke tu, hata ngazi peke yake, hata ule ukuta mmoja, nisikie asubuhi watu wakisema kwenye foleni ya mkate: jamani, kumbe yule mwanamke aliona. Naomba hivyo nikiwa na akili zangu. Watu wote wale walipoteza pa kulala, na mimi ninachotaka ni kupewa haki.

Zamani nilidhani wabaya kwenye kazi hii ni wanaopandisha thamani kwa rushwa.

Jumanne, 6 Mei

Nimemwambia Mama ahamie chumbani kwangu, mimi nitalala nyuma ya kabati. Nilikuwa nimekwisha kukunja shuka zake. Nilijiona mwema.

"Niache," akasema.

"Kule kuna dirisha, Mama. Kuna hewa."

"Nani amekuambia nataka hewa? Hapa namsikia kila anayeingia na kila anayetoka. Mwanao mkubwa akichelewa nakuwa wa kwanza kujua. Ukinipeleka kule nitakuwa mgeni wa kufungiwa mlango." Akanipokonya shuka. "Ungeniuliza kwanza."

Nimerudisha shuka kitandani kwake, naye akasema nimezitandika vibaya.

Jumatatu, 12 Mei

Manyunyu.

Jumamosi, 17 Mei

Jua siku ya tatu mfululizo. Mvua zimekwisha, redio imesema, na kwa mara ya kwanza nimeiamini redio.

Jana bosi alitaka taarifa ya mwisho. Mzee Nyongeza amehamia kwa binti yake na anauza kiwanja pamoja na kilichopo juu yake, kwa hiyo inabidi kilichopo kielezwe. Leo nimechukua ufunguo kwa mwenye duka, ambako Mzee aliuacha. Mshonaji aliniona, akaacha kitambaa chini ya sindano, akanifuata. Hakuingia. Alisimama kwenye mlango wa chumba chake, pale pale aliposimama mhandisi.

Ndani kulikuwa na joto. Sakafu ilikuwa kavu. Nimesogeza pazia, nimewasha tochi ingawa hapakuwa na haja, nikatafuta mstari wangu wa penseli na tarehe yake.

Ufa umeishia pale pale. Haujavuka hata unene wa uzi.

Nilikuwa bado nimempa mgongo. Ningeweza kumwambia umevuka. Hakuna mtu mwingine duniani anayejua kuusoma mstari ule, na yeye kutoka mlangoni haoni. Angeniamini, na labda angelala vizuri zaidi, na mimi pia.

"Vipi?" akauliza.

"Haujasogea, Mama."

"Kwa hiyo nyumba ilikuwa nzima."

"Huenda. Au imetulia kwa sababu mliondoka. Vitanda, mapipa, watu. Nyumba tupu ni nyepesi."

"Ni ipi kati ya hizo mbili?"

"Sijui."

Hakuwa na hasira tena. Ningependa angekuwa nayo.

"Kumbe neno hilo unalo," akasema. "Ungelisema siku ile ulipoingia na tepu yako, nikakuuliza, ukaniambia sijui, Mama, ningezima taa nikalala. Giza nilikuwa nimelizoea."

Sikuomba msamaha. Nilitaka, lakini ilionekana kama kumwomba tena kitu, na ameshatoa vya kutosha. Akaniambia nimtolee pazia lake. Nimepanda kwenye tofali, nimelitungua, nimelikung'uta vumbi na kulikunja, nikamkabidhi. Amevuka barabara, akalikunjua na kuifunika nalo cherehani, maana jua la pale kibarazani linababua rangi yake.

Jioni bosi amepiga simu, anamalizia ukurasa wa kwanza wa taarifa.

"Vyumba vya kulala vingapi?"

"Tisa," nimemwambia.

"Kwenye ramani ni vinane."

"Najua. Kimoja kimepata dirisha."